Denis Burkitt: munganga wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa watoto wa Afrika

Kuna ugonjwa unaoshika watoto wa Afrika kuliko watoto wa mahali pengine. Mara nyingi unaanza ku taya. Jino linacheza bila kuoza, shavu linavimba, na kwa siku chache tu uso wote wa mutoto unabadilika. Mara nyingine ni tumbo njo linavimba. Wazazi wanasema ni jino, jirani anasema ni kitu walimutupia, na siku zinapita. Wanganga wanauita limfoma ya Burkitt. Wengi wanasikia jina hilo ku hospitali bila kujua kama Burkitt alikuwa mutu, tena mutu aliyetumika miaka 20 jirani na sisi, ku Uganda. Tunasimulia maisha yake leo, juu ndani ya maisha hayo muna historia ya ginsi dawa zilianza kuponyesha kanseri hii, na ginsi watu walifika ku ile kazi inayosikika sana siku hizi: grefe, ndiyo kusema kupandikiza mafuta ya ndani ya mifupa.

Mutoto wa Enniskillen

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 mwezi wa pili mwaka wa 1911, ku Enniskillen, muji mudogo wa kaskazini ya Irlande. Baba yake alikuwa injinia wa barabara za serikali. Saa za kupumuzika, mzee huyo alikuwa anachunguza ndege wa bustani yake. Aliwafunga vipete ku miguu ili awatambue mumoja mumoja, kisha akachora karte ya kuonyesha kila ndege anatawala kipande gani cha udongo. Wataalamu wa ndege wanakumbuka kazi hiyo mpaka leo. Mwana naye atakuja kuchora karte, lakini yake itakuwa ya ugonjwa.

Alipokuwa na miaka 11, wavulana wa masomo walipigana kwa mawe. Jiwe moja lilivunja miwani ya Denis, vipande vikaingia katika jicho la kuume. Wanganga hawakuweza kuliokoa, wakalitoa. Tangu siku hiyo aliishi na jicho moja.

Mwaka wa 1929 aliingia Trinity College ya Dublin kusoma uinjinia kama baba. Hakukuwa wa kwanza katika darasa. Lakini pale alikutana na wanafunzi waliokuwa wanasali pamoja, imani yake ikawaka, na akasadiki kama Mungu anamutaka awe munganga. Akabadilisha masomo. Akapata diploma mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapokelewa ku Edinburgh kama munganga wa kupasua.

Aliomba kazi ya serikali ku Afrika ya Magharibi. Wakamukatalia: munganga wa kupasua mwenye jicho moja, hapana. Vita vilipokuja, jeshi la Uingereza lilimupokea mwaka wa 1941, na likamutuma Kenya na Somalia. Mwaka wa 1943 alimuoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na Mungu akawapatia wabinti watatu. Vita vilipoisha aliomba tena. Safari hii walikubali, na mwaka wa 1946 akafika Uganda.

Karte ya kwanza

Walimutuma Lira, katika eneo la Lango, kaskazini ya inchi. Kule munganga alikuwa peke yake kwa watu wengi mno, alipasua kila kitu. Ugonjwa mumoja ulimushangaza: mushipa, ile maji inayojaa katika mufuko wa mapumbu. Wanaume wa upande wa mashariki walikuwa nao wengi sana, wa magharibi wachache sana. Eneo ni moja na hospitali ni moja, na hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa. Akahesabu, akaandika, akachapisha. Baadaye ilionekana kama mushipa ule unatokana na vidudu vinavyoletwa na mbu. Burkitt alishika somo moja ambalo hakuliacha tena: kama ugonjwa uko huku na hauko kule, jibu liko katika tofauti ya huku na kule. Mutu wa mine anaelewa hilo vizuri. Anayetafuta mufereji wa shaba anauliza kwanza jiwe linaonekana wapi, na linapotea wapi.

Mwaka wa 1948 alihamia Kampala, ku hospitali kubwa ya Mulago.

Mutoto wa Mulago na mutoto wa Jinja

Mwaka wa 1957, munganga mwenzake Hugh Trowell alimuita aangalie kijana wa miaka tano. Uso wa mutoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na taya la chini, meno yakicheza. Kama ingekuwa usaha, uvimbe ungekuwa upande mumoja. Kama ingekuwa kanseri ya kawaida, nayo ingeanza mahali pamoja. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Alipiga foto, akaweka ndani ya mafaili yake, lakini hakuwa na la kumufanyia.

Wiki chache kisha, alikuwa anatembelea wagonjwa ku hospitali ya Jinja. Kupitia dirisha aliona mama mumoja ameketi ku majani pamoja na binti yake, na uso wa binti ulikuwa umevimba vile vile. Mutu anaweza kuona kitu cha ajabu mara moja na kusahau. Kukiona mara mbili katika mwezi mumoja ni jambo lingine. Alitoka, akamupima mutoto, akakuta kama ndani ya tumbo muna uvimbe pia. Akamupeleka Kampala.

Akaanza kuchimba katika mafaili ya zamani ya Mulago. Pale kulikuwa munganga wa maabara, J.N.P. Davies, aliyekuwa anaandika kila kanseri ya Kampala katika daftari. Burkitt aliona kama watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa wengi, na kama watoto hao hao walikuwa na uvimbe ku figo, ku ini, ku mayai ya uzazi, mara nyingine ku uti wa mugongo. Mbele yake, kila munganga aliangalia kiungo chake: wa meno aliangalia taya, wa tumbo aliangalia tumbo, na kila mumoja aliandika jina lake. Burkitt alisema ni ugonjwa mumoja tu. Alichapisha mwaka wa 1958, na karibu hakuna aliyemusikiliza. Muamerika wa maabara aliyekuwa Kampala, Greg O'Conor, njo aliangalia seli kwa hadubini na kuonyesha kama ni limfoma: kanseri ya zile chembe nyeupe za damu zinazokaa katika tezi na zinazopigania mwili.

Pauni 25 na motokari ya zamani

Sasa alitaka kujua: ugonjwa huu unapatikana wapi, na hauko wapi? Pesa hakuwa nayo. Serikali ilimupa pauni 25. Kwa pesa hiyo alichapisha vikaratasi vyenye foto za watoto, akavituma ku hospitali za serikali na za misioni Afrika nzima, akiuliza kama wameona uvimbe wa namna hii. Majibu yalipofika, alichoma alama moja moja ku karte yenye kutundikwa ukutani. Ukanda ukaonekana unaokata katikati ya Afrika, upande huu na upande ule wa ikweta, na mukia unaoteremuka mashariki mpaka Msumbiji.

Lakini ukanda unaishia wapi, na juu ya nini? Mwezi wa kumi mwaka wa 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili, wanganga wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson. Motokari yao ilikuwa Ford iliyokwisha kutumika, waliyoinunua pauni 250. Williams alijua kutengeneza mashini, na barabara za wakati ule tunazijua. Kwa wiki kumi walienda karibu kilometre 16,000 na wakatembelea hospitali karibu 60, wakiteremuka kusini na kurudi. Kila mahali walionyesha foto, wakauliza, wakaandika.

Waliona kama ugonjwa unakoma mahali pa juu. Karibu na ikweta, juu ya metre 1,500 hauonekani. Ukienda kusini, unakoma ku metre 1,000. Kusini zaidi, unapatikana tu jirani na bahari. Alexander Haddow, aliyekuwa anaongoza maabara ya virusi ya Entebbe, alifasiria: si mulima unaozuia, ni baridi. Mahali ambapo hewa inashuka chini ya digri 15 na nusu hivi, ao mvua haifike sentimetre 50 kwa mwaka, ugonjwa ni shida kuupata. Na joto pamoja na mvua ni kusema mbu. Baadaye karte ya uvimbe ilipolinganishwa na karte ya malaria kali, ilikuwa kama sahani na kifuniko chake.

Ndeke na ukungu

Mwezi wa tatu mwaka wa 1961, mbele ya safari hiyo, Burkitt alifundisha ku hospitali moja ya London. Katika wasikilizaji kulikuwa mutafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa anachunguza virusi vya kuku vinavyoleta kanseri. Aliposikia kama ugonjwa unafuata joto na mvua, mara moja akawaza virusi. Wakapatana: Burkitt atatuma vipande vya uvimbe kwa ndeke, usiku, kutoka Kampala mpaka London.

Kwa miaka miwili na zaidi Epstein hakuona kitu. Mwisho wa mwaka wa 1963, ukungu ulifunga kiwanja cha London, ndeke ikatua Manchester, na chupa ikafika imechelewa, maji ya ndani yamegeuka kama maziwa. Kawaida ungesema nyama imeoza, uitupe. Epstein aliangalia kwanza: yalikuwa seli za uvimbe zenye uzima, zikiogelea. Zikakubali kuzaana ndani ya chupa, jambo walilokuwa wameshindwa mbele. Mwaka wa 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, alitangaza virusi walivyoviona ndani yake. Vinaitwa Epstein-Barr. Ni virusi vya kwanza vya watu vilivyofunganishwa na kanseri.

Ni lazima tueleze vizuri hapa, ili watu wasiogope bure. Virusi hivyo karibu kila mutu anavyo, vinapita kwa mate, na kwa wengi havina neno. Uvimbe huu hauambukizwi. Shida inakuja wakati mutoto mudogo mwenye virusi hivyo anapigwa na malaria kila mara, mwaka kwa mwaka. Malaria inasukuma zile chembe nyeupe kuzaana bila kupumua, na tena inapunguza nguvu za mwili za kuchunga virusi. Siku moja, chembe moja inakosea inapojigawa, vipande viwili vya urithi wake vinabadilishana mahali, na inakuwa kama mashini isiyokuwa na freno. Ni bahati mbaya. Hakuna bibi wala mama mukubwa aliyeituma.

Dawa zinashinda kisu

Burkitt alikuwa munganga wa kupasua, lakini aliona mapema kama kisu hakisaidie. Ukikata taya, uvimbe unarudia tumboni. Mulago haikuwa na mashini ya mionzi. Hakubakia kitu ila dawa, na wakati ule dawa za kanseri zilikuwa mupya, watu wachache tu walizisadiki. Kuanzia mwaka wa 1960, kwa msaada wa Joseph Burchenal wa New York, alijaribu metotreksati, kisha siklofosfamidi na vinkristini. Ku Nairobi, Peter Clifford alikuwa anafanya kazi ya namna moja.

Matokeo yalishangaza. Kuna watoto waliopewa sindano chache tu, na kwa siku chache uso ukarudi ule mama yake aliujua. Wengine walirudiwa na ugonjwa, wakakufa. Lakini wengine walipona kabisa, wakakomaa. Sababu inaeleweka: uvimbe huu unakua mbio kuliko karibu kila kanseri ya mutu, unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili. Dawa hizi zinaua seli wakati zinapojigawa. Kile kinachoufanya uue mbio njo kinaufanya ukufe mbio. Limfoma ya Burkitt ikawa mumoja wa ugonjwa wa kanseri wa kwanza kuponyeshwa kwa dawa peke yake, na hayo yalitokea Kampala na Nairobi, hapana katika miji mikubwa ya Ulaya.

Mwaka wa 1966 Burkitt alirudi Uingereza. Mwaka uliofuata, ku Mulago kulifunguliwa nyumba ya kutunza limfoma, iliyoongozwa na kijana wa Marekani, John Ziegler. Njo ilizaa Institut ya kanseri ya Uganda, ambayo ingaliko. Ziegler aliunganisha dawa mbili tatu pamoja, akaona kama hata mutoto aliyerudiwa na ugonjwa anaweza kuponyeshwa mara ya pili. Wakati wa Idi Amin, mwaka wa 1972, alilazimika kuondoka, na Muganda, munganga Charles Olweny, akaendesha kazi katika miaka migumu.

Mbegu ku ghala: ginsi grefe ilizaliwa

Kulibakia shida moja kubwa. Kwa mugonjwa ambaye ugonjwa umerudi na nguvu, munganga anapenda kuongeza dawa sana. Lakini dawa nyingi hivyo inaua pia mafuta ya ndani ya mifupa, yanayoitwa uboho. Na uboho njo kiwanda cha damu yote: chembe nyekundu zinazobeba hewa, nyeupe zinazopigana na vidudu, na zile zinazofunga kidonda. Kiwanda kikifungwa, mutu anakufa kwa damu kuvuja ao kwa ugonjwa mudogo tu.

Ndani ya uboho muna chembe-mama, ambazo vitabu vinaziita seli shina. Ni hizo zinazozaa damu yote. Ku Marekani, E. Donnall Thomas alianza mwaka wa 1957 kujaribu kumupa mugonjwa uboho wa mutu mwingine. Ku Paris, mwaka wa 1958, Georges Mathé aliwapa uboho wa Wafaransa watumishi wa Yugoslavia waliopigwa na mionzi katika ajali ya Vinča. Miaka mingi ya kwanza wagonjwa wengi walikufa. Thomas aliendelea, na mwaka wa 1990 alipata tuzo ya Nobel.

Kwa limfoma kulikuwa na njia nyingine: kumurudishia mugonjwa uboho wake mwenyewe. Fikiri mulimaji ambaye shamba lake limejaa majani mabaya. Anatoa kwanza mbegu nzuri, anaiweka ku ghala. Kisha anachoma shamba lote. Moto ukizimika, anapanda tena ile mbegu. Wanganga wanatoa uboho wa mugonjwa, wanaugandisha kwa baridi kali sana, wanamupa dawa nyingi za kuchoma ugonjwa, halafu wanarudisha uboho kupitia mushipa wa damu, kama vile wanaongeza damu. Chembe-mama zinajua njia, zinaingia zenyewe katika mifupa, na kisha wiki mbili ao tatu damu mupya inaanza kutoka. Siku hizo mugonjwa anakaa katika chumba cha peke yake, juu kikohozi cha mugeni kinaweza kumuua.

Kati ya wagonjwa wa kwanza waliofanyiwa hivyo kulikuwa watu wenye limfoma ya Burkitt iliyorudi. Ilikuwa Marekani, ku Institut ya taifa ya kanseri, na mwaka wa 1978 Frederick Appelbaum na wenzake walichapisha habari: ndiyo, uboho uliogandishwa ulishika, na wengine waliotazamiwa kufa waliishi bila ugonjwa. Katika majina ya wale waliotia sahihi kulikuwa John Ziegler, yule wa Mulago. Barabara ilianzia ku majani ya hospitali ya Jinja, ikafika pale.

Baadaye Thierry Philip wa Lyon, Ufaransa, pamoja na wanganga wa inchi nyingi, walipima jambo hili kwa haki. Wagonjwa wakubwa 109 wenye limfoma iliyorudi, na ambao bado dawa ilikuwa inawasikiliza, waligawanywa: nusu walipewa dawa za kawaida, nusu walipewa dawa nyingi na kurudishiwa uboho wao. Kisha miaka tano, katika wale wa grefe 53 kwa 100 walikuwa wazima. Katika wengine 32 kwa 100. Ilichapishwa mwaka wa 1995. Tangu pale grefe ni matunzo ya kawaida kwa limfoma nyingi zilizorudi. Leo mara nyingi hawachome tena mufupa: wanampa mugonjwa sindano zinazotoa chembe-mama ndani ya damu, kisha mashini inazichuja. Na kama inafaa kutafuta mbegu ya mutu mwingine, wanapima kwanza ndugu wa tumbo moja. Kila ndugu ana nafasi moja katika ine ya kupatana.

Mutu aliyegeukia chakula

Burkitt mwenyewe hakufanya grefe. Alipokuwa London alishika shauri lingine. Aliona kama magonjwa mengi ya matumbo yanayojaza hospitali za Ulaya, kama apendisiti, kukosa choo, kanseri ya utumbo, alikuwa hakuyaone sana kwa watu wa vijiji vya Uganda. Akafanya kama zamani: akaandikia hospitali za misioni, akahesabu, akachora. Jibu lake lilikuwa chakula. Watu wa Ulaya walikuwa wanakula unga mweupe uliotolewa makapi yote. Watu wa vijiji walikuwa wanakula maharagi, majani, muhogo na nafaka nzima. Mwaka wa 1979 alitoa kitabu juu ya nyuzi za chakula, kikasomwa inchi nyingi. Kuna mambo aliyoyasema ambayo wataalamu wangali wanabishana juu yake, lakini neno lake kubwa, kama makapi ya chakula yanalinda utumbo, limesimama. Kwa sisi tunaoanza kuacha sombe na maharagi kwa ajili ya mukate mweupe, si neno la bure.

Walimupa heshima nyingi: mwaka wa 1972 aliingia katika chama cha wenye elimu wa Uingereza, Royal Society, na mwaka huo huo akapata tuzo ya Lasker ya Marekani pamoja na wengine waliotunza kanseri kwa dawa. Alibakia mutu wa sala, mwenye maneno ya rahisi. Alikufa tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka wa 1993, akiwa na miaka 82.

Kwetu leo

Maisha haya yanatuambia nini, sisi wa makambi na wa mine?

La kwanza ni siku. Ugonjwa unaoongezeka mara mbili kwa siku mbili haungoje mushahara wa mwisho wa mwezi. Mutoto mwenye meno yanayocheza bila kuoza, shavu linalovimba mbio bila homa kubwa, jicho linalosukumwa inje, tumbo linalovimba na kuwa gumu, ao miguu inayokataa kusimama: huyo si wa kungoja, na si wa kung'olewa meno nyumbani. Apelekwe ku hospitali kubwa wiki hiyo hiyo, na wazazi waulize wenyewe kama watakata kipande kidogo cha uvimbe kwa kupima ku maabara. Bila kipande hicho hakuna anayejua.

La pili, dawa za kwanza njo zina nguvu zaidi kuliko grefe. Kuna wazazi wanaosikia habari za kupandikiza uboho, wanauza nyumba na kutafuta pasiporo ya kwenda mbali, na mutoto bado hakupata hata sindano ya kwanza. Kwa limfoma ya Burkitt inayotunzwa mapema, shimioterapi ni ya kwanza, na wengi wanapona nayo bila grefe. Katika inchi tajiri watoto zaidi ya 90 kwa 100 wanapona. Katika Afrika, mahali dawa zinapatikana na zinafuatwa mpaka mwisho, nusu na zaidi wanaweza kupona. Wanganga wa Ufaransa na wa Afrika walianzisha kikundi kwa kazi hiyo mwaka wa 2000, kinaitwa GFAOP. Unaweza kumuuliza munganga wa watoto kama anakijua. Grefe inakuja kwa yule ambaye ugonjwa umerudi na bado unasikia dawa, nayo inaomba hospitali yenye vyumba, mashini na damu ya kutosha.

La tatu, kuacha katikati kunaua. Uso wa mutoto unarudi muzuri kisha sindano ya kwanza ao ya pili, na baba anasema amepona, turudi ku kazi. Seli zilizobaki hazionekane kwa jicho. Kama mine inakulipia matunzo, uombe karatasi ya siku zote za dawa tangu mwanzo. Kama wewe ni wa kujichimbia mwenyewe, zungumuza na jamaa na kanisa mapema, wakati mutoto bado anaweza kutembea.

Na muskitere. Burkitt alifuata mbu kilometre 16,000 bila kujua mwanzoni kama ni mbu anafuata. Sisi tunajua. Kila malaria isiyoingia katika damu ya mutoto mudogo ni nafasi moja imepunguzwa kwa uvimbe huu. Ule wavu mulioupewa ku santre de sante, usifungie maharagi, usivulie samaki. Uutundike juu ya kitanda cha watoto.